Dume Tuliyemhamisha Bure: Kisa cha Tumbili na Michembe Ufukweni mwa Ziwa Victoria

Kabla ya yote

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha ufukweni, si mbali na jiji la Mwanza. Jina la kijiji, la wahusika na la ofisi zilizohusika nimeyaacha, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya jirani aseme "aa, hapo ni kwa fulani" nimeyageuza. Majina ya tumbili sikuyagusa. Hao hawana wa kumshtaki. Nawaandikia wenzangu wanaofanya kazi kati ya wakulima na wanyama waharibifu, pamoja na wanafunzi wa biolojia walioandika daftarini kwamba "madume huhama, majike hubaki" lakini hawajawahi kuiona sentensi hiyo ikila viazi vya mtu.

Hali ilivyokuwa

Mwanza ni mji wa miamba, na kijiji hicho nacho ni hivyohivyo: majabali bapa, mapana kama ua wa nyumba, yanayoshika jua tangu saa tatu asubuhi. Kwa kina mama wa pale jabali ni mali. Kiangazi, viazi vitamu vikishachimbwa, hukatwa vipande vibichi na kuanikwa juu ya mawe vikawa michembe. Vingine huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, hayo sasa ni matobolwa. Vikikauka sawasawa vinakaa mpaka msimu wa njaa, na sokoni hupimwa kwa sado na kwa debe. Kikundi cha kina mama 14, wenye kikoba chao, kilitegemea mauzo hayo kwa sare na madaftari ya Januari.

Nyuma ya majabali kuna kilima chenye mikuyu na vichaka, na humo wanaishi tumbili. Kundi ni moja. Tulipokuja kulihesabu tulipata 23 pamoja na makinda. Ni tumbili wetu wa kawaida, uso mweusi, mkia mrefu. Dume aliyekomaa huwa na kilo tano na zaidi, jike kama nne, na dume hutambulika kwa mbali kwa korodani zake za buluu, jambo ambalo watoto wa pale hawachoki kulitangaza mbele ya wageni.

Dume mkubwa wa kundi kina mama walimwita Mwenyekiti. Alikuwa akikaa juu ya jabali refu kuliko yote, kifua mbele, akitazama ziwa kama mtu anayesubiri boti. Mwenyekiti wa kijiji hakulipenda jina hilo, ila angefanya nini. Jike mmoja mzee aliyechanika sikio la kushoto aliitwa Bibi Sikio. Juu ya huyo hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Mambo yalivyokwenda

Hasara ilianza wiki ya kwanza ya kuanika. Tumbili walishuka kati ya saa nne na saa tano, kina mama wengi wakiwa mwaloni kupokea dagaa na waliobaki wakiwa jikoni. Wakimkuta mwanamke hawakukimbia. Walirudi nyuma hatua chache, wakakaa, wakasubiri ageuke. Akitokea mwanamume, hata mzee wa mkongojo, walipanda kilimani mara moja. Kina mama waliona hiyo ni dharau iliyopitiliza. Wawili walivaa makoti na kofia za waume zao wakakaa juu ya mawe. Ilifaa siku mbili. Ya tatu mmoja akacheka, sauti ikatoka, na kazi ikaishia hapo.

Kikao kikaitwa chini ya mwembe, nami nikaalikwa kama mtu aliyesomea wanyamapori. Mzee mmoja mwenye shamba la mahindi jirani alisema maneno ambayo wote waliitikia: "Boma lina mwenyewe, Mwalimu. Mwondoe mwenye boma, wake na watoto watatawanyika." Nami nikakubali. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa na shaka moyoni, lakini daftari langu la siku ile linanisuta: "Kuhamisha dume. Nafuu, haraka." Kosa hilo ni langu, si la mzee.

Kuua hatukukutaka. Wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi mtu ruhusa ya kujichukulia hatua kwa kuwa amekasirika. Tukapita kwa mtendaji, kibali kikapatikana, fundi akachomelea sanduku la nondo na waya lenye mlango wa kudondoka, tukatia ndizi mbivu. Siku ya pili Mwenyekiti akaingia mwenyewe. Alisafirishwa kwa guta hadi kilima chenye msitu upande wa pili wa ghuba, akafunguliwa, akaondoka bila kugeuka.

Siku sita zikapita kimya. Kina mama walifurahi mno, na mwenyekiti wa kijiji akatamka kwamba sasa kijiji kina mwenyekiti mmoja tu.

Siku ya saba, saa nne na robo, tumbili wakashuka. Njia ileile ya ufa kati ya majabali mawili, mawe yaleyale, wakaanza na michembe iliyokaribia kukauka kama kawaida yao. Mbele yao alikuwa Bibi Sikio.

Haukupita mwezi, wakaongezeka madume wawili wageni. Mwanzoni walikaa pembeni, na kila wakisogea majike wawili watatu waliungana kuwafukuza kwa makelele. Baadaye wakazoeleka. Walipoanza kushuka majabalini walifuata nyuma, wakala kilicholiwa na wenyeji, mahali kilipoliwa na wenyeji. Tulikuwa tumempoteza dume mmoja tukapewa wawili, na kipimo cha hasara hakikupungua hata sado moja.

Asubuhi sita juu ya jabali

Hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya kabla ya kikao cha kwanza: nikakaa nikatazama. Nilichukua watoto wawili wa darasa la sita, maana macho yao ni makali na majina ya tumbili wanayajua, tukajificha nyuma ya jiwe kwa asubuhi sita mfululizo.

Kushuka kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Bibi Sikio alitangulia mpaka kwenye jabali la kwanza, akakaa, akajikuna. Hakula. Nyuma yake akaja jike mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni, watoto wangu wakasema ni binti yake kwa kuwa kila siku ndiye anayemchambua manyoya. Kisha majike wengine wawili, kisha vijana. Wote walisimama alipokuwa amesimama. Aliponyoosha mkono na kuokota kipande cha kwanza, ndipo kundi likamwagika.

Alivyokula ndivyo kulivyonifundisha zaidi. Aliokota kipande, akakigeuza, akakifuta mchanga kwenye mkono wake, akakiuma pembeni. Kibichi alikiacha. Kilichokauka nusu alikitia shavuni, na mashavu yake yakavimba kama ya mtoto aliyeficha pipi. Kinda mmoja alimsogelea mpaka pua karibu iguse mdomo wake, akatazama anachotafuna, kisha akaenda kuokota kipande cha aina ileile kutoka rundo lilelile. Siku ya nne kinda huyo alikuwa anafuta mchanga mwenyewe.

Madume wapya walikuwa pembezoni, juu, wakitazama nje. Mmoja alipotoa mlio wa hatari, kundi likaruka. Kazi wanayo. Lakini hakuna hata mara moja tuliyoona kinda akienda kumtazama dume anakula nini.

Uamuzi wa pili: uchungu

Nikakumbuka utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2013, wa tumbili hawahawa. Watafiti waliwapa makundi manne mahindi yaliyotiwa rangi mbili, waridi na buluu, na katika kila kundi rangi moja ilitiwa uchungu. Kundi likajifunza kuacha rangi chungu. Miezi ikapita, uchungu ukaondolewa, makinda wapya wakazaliwa: karibu wote wakala rangi waliyokula mama zao na kuiacha ile nyingine, ingawa sasa zote zilikuwa tamu. Madume waliohama kutoka kundi la rangi moja kwenda la rangi nyingine, wote isipokuwa mmoja walifuata rangi ya wenyeji wapya.

Nikaona: kama elimu ya chakula inapita kwa mama, basi mama akisadiki kwamba michembe ni michungu, ukoo mzima utasadiki. Tukachemsha majani ya mwarobaini, tukaloweka vipande vya chambo, tukavianika kwenye jabali la kwanza. Bibi Sikio akauma, akatema, akafuta ulimi kwa mkono, akaondoka. Binti naye hakugusa. Kwa siku nane jabali lile lilikuwa salama.

Kisha wakahamia jabali la pili. Hawakujifunza kwamba michembe ni michungu, walijifunza kwamba *pale* ni pachungu. Na hatukuwa na mwarobaini wala mikono ya kutia uchungu kila jiwe. Juu ya hayo, beseni moja la chambo lilichanganyika na la chakula, na mama mmoja akampikia mkwewe michembe ya karanga isiyomezeka. Maneno yaliyosemwa siku ile hayaandikiki. Mwarobaini ukapigwa marufuku kwa kura.

Uamuzi wa tatu

Kulikuwa na pendekezo la kumtega Bibi Sikio mwenyewe. Nilikataa, na safari hii nilikuwa na sababu. Jike hana pa kwenda. Dume wa tumbili akifikia kama miaka mitano huondoka kwao kwa kawaida, mara nyingi pamoja na ndugu au rika lake, na anajua namna ya kuingia kwa wageni. Jike huzaliwa, huzaa na kufa katika kundi lilelile na eneo lilelile. Kumtupa mzee wa kike ugenini ni kumtupa kati ya majike wengine wanaolinda mipaka yao, na hawatampokea. Tena tungebakiwa na binti zake ambao somo wamekwisha kulipata.

Tukaamua mambo mawili. Kuanika kukaondoka majabalini kuja karibu na nyumba, juu ya vichanja vya fito vilivyofunikwa kwa nyavu chakavu za dagaa, wavu ukiinuliwa juu ya michembe kwa urefu wa mkono na kufungwa pembeni kwa kamba, maana mawe ya kukandamizia waliyaondoa siku ya kwanza. La pili lilikuwa zamu: mtu mmoja na mbwa wake, saa tatu hadi saa saba, mwenye amri moja tu. Usishughulike na dume. Mtazame Bibi Sikio, na umfukuze *kabla* hajatia mkono kwenye kiazi.

Amri hiyo ya mwisho ilichekwa. Bibi mmoja wa kikundi aliniambia, "Mwanangu, umetoka kumwogopa mume, sasa unamwogopa mama mkwe." Alikuwa ameelewa kuliko wote.

Matokeo

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za vurugu; walijaribu vichanja vyote, usiku wakalala mikuyu ya karibu zaidi. Wiki ya tatu Bibi Sikio alishuka, akakaa, akakuta mbwa, akapanda. Kundi zima likapanda naye. Mwisho wa msimu kina mama walijaza magunia kwa mara ya kwanza tangu miaka miwili nyuma.

Lakini nisifiche: sehemu ya hasara ilihamia kwenye mahindi ya yule mzee wa mkutanoni. Hakuninunia, ila kila tukionana ananisalimu "Mwangaluka, Mwalimu" kwa sauti ya mtu anayedai deni. Vichanja navyo vinakula fito na muda, na kina mama watatu wasio na ua wa kutosha walirudi majabalini.

Mvua za vuli zilizofuata Bibi Sikio hakuonekana tena. Binti yake sasa ndiye anayetangulia. Anapita njia ileile, anakaa jiwe lilelile, na akiona kichanja kina mlinzi anaendelea mpaka kwenye mikuyu.

Uchambuzi

Kilichotukosesha kilikuwa jicho. Sisi huku bibi arusi anahamia kwa mume, boma linaitwa kwa jina la mwanamume, na mgeni wa nyumba ni mke. Tulilitazama kundi la tumbili tukaona boma: dume mmoja mkubwa kileleni, majike na watoto chini. Kumbe kwa tumbili mgeni ni dume. Mwenyekiti aliwakuta majike pale, na laiti tungemwacha angeondoka siku moja kwenda kundi jingine. Tuliyemhamisha alikuwa mpangaji.

Kwa nini jinsia moja ihame? Wote wakibaki, ndugu watazaliana wenyewe kwa wenyewe na watoto dhaifu watakuwa wengi. Lazima upande mmoja utoke, na kwa wanyama wengi wanyonyeshao hutoka madume, kwa kuwa jike anayebeba mimba na kunyonyesha ana hasara kubwa akipoteza eneo ambalo anajua maji yako wapi na mkuyu upi unaiva lini. Uamuzi huo mmoja wa nani abaki unazaa tofauti nyingine nyingi kati ya jike na dume ambazo sisi huzisingizia maumbile peke yake. Majike ya tumbili huungana vitani kwa kuwa wameungana kwa damu. Binti hukaa katika ngazi ya chini kidogo ya mama yake. Kule Amboseli, Kenya, watafiti walificha spika vichakani wakapiga sauti ya kinda anayelia: mama wa kinda aligeukia spika, na majike wengine wakamgeukia mama. Kila mmoja anajua nani ni wa nani. Dume aliyefika juzi anaingia katika daftari ambalo jina lake halimo.

Mfano ulio wazi zaidi uko Ngorongoro, kwa fisi madoa. Kwao jike humtawala dume, na kwa muda mrefu watu walieleza hivyo kwa ukubwa wa mwili na ukali wa jike. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, kwa fisi 748 wa koo 8 za kreta, ulionyesha kwamba mshindi wa ugomvi ni yule mwenye watu wa kumuunga mkono, awe jike au dume. Majike hushinda mara nyingi zaidi kwa kuwa wengi wao wako kwao, na madume wengi ni wahamiaji wasio na ndugu pembeni. Dume aliyezaliwa palepale akigombana na mhamiaji naye hushinda. Nilipoliwaza hilo nikakumbuka majike watatu wakimfukuza dume mwenye mwili kuliko yeyote kati yao.

Msomaji asichukue hili kama kanuni ya wanyama wote. Kwa sokwe mambo yamepinduka: madume hubaki walikozaliwa, wakashirikiana kulinda mipaka, na majike wengi wakibalehe huhama. Anayeshughulika na sokwe akija na somo la tumbili atakosea kama mzee wetu alivyokosea, kwa upande wa pili tu. Kwa hiyo swali la kwanza siku hizi nikifika mahali ni: hapa nani kazaliwa, na nani kaja?

Umri nao una nafasi yake, na hapo ndipo nadhani mtego ungetuponza zaidi kama tungemtega Bibi Sikio. Jike kijana ana mama na shangazi wa kumfundisha. Jike mzee ana binti na wajukuu wa kufundisha. Kadiri alivyokaa ndivyo macho yaliyomwelekea yalivyoongezeka. Hilo lilikuwa tatizo letu, na tulipolielewa likawa ndiyo dawa, kwa sababu mlinzi mmoja hawezi kufukuza tumbili 23 ila anaweza kumzuia mmoja.

Mwarobaini bado unanisumbua. Wazo halikuwa baya. Kule Afrika Kusini chakula chenyewe kilikuwa na alama ya rangi, nasi tukaacha michembe yote na rangi moja, kwa hiyo alama pekee iliyobaki kwa Bibi Sikio ilikuwa mahali. Angefanya nini zaidi? Kama ningerudia, ningetafuta alama. Kikundi hakitakubali nirudie.

Msimu uliopita vijana wawili wa kiume wa kundi, ndugu kwa jinsi walivyokuwa hawaachani, waliondoka kufuata ufukwe. Mwezi haujaisha nikapigiwa simu kutoka kijiji cha jirani: wana dume mpya, mkorofi, wanaomba lile sanduku. Nikaenda stoo ya kikundi kulitazama. Kuku ameatamia ndani yake, mayai tisa. Nimewaambia wasubiri yaanguliwe, na wakati wanasubiri wakae jabalini asubuhi sita.